Zana ya kuchorea vijisanduku na nyaya: ipi uchukue, ipi uiache

"Maalim, hii kamba mbona yachelewa?"

Kijana aliyeniuliza alikuwa akiburuta kijisanduku cha "pampu" kwenye laptopu ya mtumba hapa Langoni, Lamu, na waya wa kukiunganisha na "tangi" ukimfuata nyuma kama mbuzi anayevutwa machinjoni. Nilikuwa naunda programu ya kufundishia: badala ya kuandika msimbo, mwanafunzi hupanga vijisanduku na kuviunga kwa nyaya. Menyu zilipendeza, vitufe vilipendeza. Waya ndio ulionifedhehesha, na kosa lilikuwa langu, nitalieleza.

Tangu siku ile, anayeniuliza achukue zana gani ya kujengea kiolesura cha namna hii, yaani sura ya programu anayoiona na kuigusa mtumiaji, namwambia asitazame vitufe, kila zana inavyo. Atazame turubai, ule uwanja wa kuchorea. Weka vijisanduku mia tatu, viunge, vuta karibu, rudisha mbali, kisha shika kimoja ukiburute huku na huku. Na jaribu kwenye mashine iliyo dhaifu kuliko zote, si ile yako ya kazi. Zangu za darasani zina kumbukumbu ya GB 4, na umeme ukikatika zinaishi kwa betri iliyochoka.

Kuna na letu la Lamu. Watoto wa madrasa wamezoea herufi za Kiarabu, nami nilitaka majina ya vijisanduku yaandikike kwa hati zote mbili. Zana isiyojua kuunga herufi hizo na kuanzia kulia huzitapanya kama shanga zilizokatikiwa uzi.

Ya kwanza kwangu ni Qt, mkusanyiko wa vifaa vya kujengea madirisha na vitufe vya programu. Imeanza miaka ya 1990 huko Norwei na ingali hai. Ndani yake mna QGraphicsView, turubai iliyotengenezwa kwa kazi hasa hii: unaiambia kijisanduku kiko wapi, na yenyewe inajua kipi kimeguswa bila kuvipekua vyote, na ikichora upya huchora palipobadilika tu ukiiachia. Kiarabu inakiandika sawasawa. Sehemu ya kufungua macho ni leseni. Ukitumia Python, lugha ya kuandikia programu, kuna milango miwili, PyQt na PySide, na msimbo wake unafanana kama mapacha. PyQt ni GPL, leseni inayokutaka uanike msimbo wako ukiigawa programu, au ulipe. PySide ni LGPL, leseni iliyo legevu zaidi, kwa hiyo unaweza kuuza programu yako bila kuanika msimbo wako, mradi utimize masharti yake. Nimeona watu wakichagua PyQt kwa sababu tu ndiyo waliyoikuta kwenye video ya mafunzo. Soma kwanza. Tena usipakue PySide6 nzima kwa bando la simu. PySide6-Essentials ni ndogo zaidi na inatosha. Ipakue mara moja, itie kwenye flashi, zungusha mashine zote.

Ya pili ni kivinjari, na hapa ndipo nilipoaibika. Hakuna cha kusakinisha, Kiarabu kinatoka vizuri, na ukitaka vijisanduku vya kupachikana kama vya Scratch, ile programu ya kufundishia watoto, Blockly iliyoanzishwa na Google ni bure na imekamilika; Scratch 3.0 ya mwaka 2019 imejengwa juu yake. Lakini Blockly huchora kwa SVG, namna ya michoro ya kivinjari ambamo kila umbo ni kitu kinachobebwa na kivinjari. Mimi nilichora zangu kwa SVG hiyo hiyo, na kwa kupenda urembo nikaupa kila waya kivuli. Mashine ikawa inahesabu vivuli badala ya kumfuata kijana. Nilipovifuta, mwendo ukarudi. Vijisanduku vikizidi mno, hamia canvas, uwanja wa kivinjari unaochorwa kama picha moja, ila ujue kutafuta kilichoguswa kutakuwa mzigo wako.

Tk, zana kongwe ya madirisha na vitufe, naipa nafasi ya tatu, na wanaoicheka nawaambia Pure Data, programu ya muziki ya vijisanduku na nyaya, imeitumia kwa miaka mingi. Ni nyepesi, na mara nyingi huja pamoja na Python. Sura yake ya kizee, sawa. Kilichoniondoa ni herufi: toleo la 8.6 kwenye Linux huandika Kiarabu kila herufi peke yake. Kama majina yako yote ni ya Kilatini, ipandishe hadi ya pili.

Dear ImGui, zana nyingine ya violesura, inavutia sana kwa anayejua lugha ya C++. Leseni yake ni MIT, haina masharti ya kukunyima usingizi, na kuna nyongeza za nyaya zilizo tayari. Ila kwa kawaida huchora skrini nzima upya kila fremu, yaani mara nyingi kwa sekunde, hata mtu akiwa amekaa tu anafikiri. Feni inalia, betri inakwisha. Kiarabu haiungi kabisa. Ni zana ya fundi mezani kwake, si ya darasa langu.

GTK, zana ya aina ya Qt, ichukue ikiwa watumiaji wako wote wako kwenye Linux. Kuipeleka Windows ni usumbufu, na turubai ya vijisanduku utaijenga mwenyewe. Electron ni kivinjari kile kile kilichobebwa ndani ya programu yako, na kwenye GB 4 kinakaa pamoja na kivinjari kingine ambacho mwanafunzi tayari amekifungua. Hiyo mimi siichukui.