Kifaa cha kumwagilia chenye vihisi: miezi minne katika bustani ya Kibosho

Mwezi Juni, masika yalipokwisha, nilinunua mjini Moshi kwa shilingi 480,000 kidhibiti cha umwagiliaji chenye vihisi viwili vya unyevu wa udongo, vali ya umeme, paneli ndogo ya sola na laini ya simu, nikakifunga katika bustani ya mboga ya mama mkwe wangu, Kibosho.

Vihisi vyenyewe ni vizuri. Si vile vya vyuma viwili vilivyo wazi, ambavyo huliwa na kutu mapema. Hivi hupima jinsi udongo unavyohifadhi chaji ya umeme, kiwango ambacho hupanda sana maji yanapoongezeka, na bamba lake limefunikwa. Nilivijaribu katika kopo la udongo mkavu na jingine la udongo uliolowa, kama maelekezo yanavyotaka, na tangu hapo vipimo havijayumba.

Tatizo liko katika sifa iliyonivutia, yaani uwezo wa kujifunza mazoea ya mtumiaji. Kifaa hukumbuka saa ambazo mtu amefungua maji kwa kitufe, hulinganisha na unyevu, kisha hujipangia ratiba. Lakini maji ya Kibosho hayafuati saa za mtu mmoja. Sisi tunayapata kwenye mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, kwa zamu ya Jumanne na Ijumaa, na zamu ikikupita basi ni ya jirani wa chini. Kwa hiyo siku ya zamu mama hulowesha matuta mpaka yashibe, hata kama bado yana unyevu, kwa kuwa anajua udongo ule utakavyokuwa siku ya tatu. Kifaa kiliona matuta yamelowa, kikafunga vali. Akafungua, baada ya dakika tano kikafunga tena.

Wiki iliyofuata nilikuta kihisi kimoja kimelazwa juu ya jiwe kavu, kando ya tuta la mnafu. Mama alikuwa amekichomoa ili kiamini kwamba udongo umekauka na kuyaacha maji yapite. "Mwanangu, hiki hakijui zamu," aliniambia. Alikuwa sahihi kabisa. Ila kifaa nacho kilijifunza kwa lile jiwe, na kwa siku kadhaa kikawa kinafungua vali saa nane mchana, wakati mfongo ni mtupu.

Mtu anayefungua maji mara tatu mfululizo hajakosea. Anatoa taarifa, na pengine ni bora kuliko ya kihisi. Laini ya simu imo ndani: kingeweza kumtumia mama ujumbe mfupi kwenye kitochi chake kuuliza kama leo kuna zamu, naye akajibu kwa tarakimu moja. Badala yake ratiba hubadilishwa kwa programu ya simu janja pekee, ambayo ninayo mimi mjini, na mwenye jembe yuko kule.

Mwenye kisima, au tangi linalojaa kila siku, ninamshauri anunue. Anayetegemea mfongo ahakikishe kwanza kwamba sehemu ya kujifunza inazimika. Yetu inazimika, ingawa ilinichukua wiki sita kuigundua, chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio. Tangu niizime, siku za zamu mama hufungua na kufunga vali mwenyewe, na vihisi vyote viwili viko udongoni.