Shahada ya Biolojia Mkoani Iringa: Tathmini ya Masharti ya Kuhitimu

Nimehitimu shahada ya kwanza ya biolojia katika chuo kimoja cha mkoani Iringa, na kwa kuwa wadogo zangu wa michepuo ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) hawaishi kuniuliza kama niwashauri waiombe, naandika tathmini hii nikilenga jambo ambalo matangazo ya udahili hulipita haraka: mwanafunzi anatakiwa atimize nini hasa kabla ya kuvaa joho.

Kwa taratibu za nchi yetu, shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za darasani, za maabara na za kujisomea. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Anayengoja usiku wa kuamkia mtihani ndipo afungue daftari ataishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na GPA, yaani wastani wa alama, ikishuka chini ya 2.0 hahitimu.

Kozi za lazima zimepangwa vizuri: elimu ya seli, jenetiki, ikolojia, mikrobiolojia, fiziolojia, pamoja na kemia na takwimu, ambazo wengi wetu tulizinung'unikia mpaka siku tulipozihitaji. Maabara ndiyo niliyoipenda zaidi. Mwaka wa kwanza tulibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, tukaidondoshea iodini na kuifunika kwa kioo taratibu ili viputo vya hewa visiingie. Mchoro wangu ulirudishwa mara mbili. Mama aliyekuwa fundi sanifu wa maabara aliniambia, "Mwanangu, hapa umechora kitabu, hukuchora kilichomo kwenye hadubini." Tangu hapo nilijifunza kutazama.

Mafunzo ya uwandani nayo ni sharti, na katika Nyanda za Juu Kusini sharti hilo ni neema. Tulikwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, tukapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, kila kundi na fremu yake ya mita moja ya mraba, tukihesabu mimea huku vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Si mbali na hapo, kwenye misitu ya Mlima Rungwe, anaishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka huohuo wa 2005 baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji. Sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kumtoa mwanafunzi wa biolojia darasani.

Upungufu mkubwa ni huduma ya ushauri wa masomo. Kozi za kuchagua zimeorodheshwa nyingi kwenye mwongozo, lakini baadhi hazifundishwi kila mwaka. Nilikuwa nimeiweka elimu ya wadudu kwa muhula wa mwisho; haikufundishwa, kwa kuwa mhadhiri wake alikuwa masomoni, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba nimebaki na krediti 352. Nilipofika ofisi ya taaluma niliambiwa kwamba kuhesabu krediti ni kazi ya mwanafunzi. Kwa hiyo nililipa pango la chumba kwa muhula mzima wa ziada kwa ajili ya kozi moja, wenzangu wakiwa wameshahitimu. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu ukaguzi wa dakika 10 mwanzoni mwa mwaka wa tatu ungetosha kuliepusha.

Kwa maudhui na mafunzo kwa vitendo naipa programu hii nyota nne kati ya tano. Kwa ushauri wa masomo naipa mbili. Anayejiunga aombe, wiki ya kwanza ya usajili, ratiba ya miaka mitatu ya kozi za kuchagua, aijadili na mshauri wake wa masomo, na kila matokeo ya muhula yanapotoka akae naye wajumlishe krediti pamoja, kisha mshauri atie saini kwenye hesabu hiyo.