Tufani hapa Mtwara: maiki imemeza msamaha

Ukitaka kuiua Tufani, tamthilia ya Shakespeare, poteza maneno ya Ariel mwanzoni mwa tendo la tano. Prospero amewatia mkononi maadui zake wote, akiwemo mdogo wake Antonio aliyempora utawala wa Milan. Anayemlainisha ni huyo Ariel, pepo asiye na damu: ungewaona walivyo sasa, ungewahurumia, hata mimi ningewahurumia, kama ningekuwa binadamu. Msamaha unaanzia hapo. Na hapo hapo sisi tulisikia kwaru-kwaru, basi! Prospero akasamehe ghafla tu, kama aliyechoka.

Ariel alivalishwa lipiko, kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kama kofia, mchezaji akichungulia kupitia mdomo wake. Wazo zuri mno. Lakini maiki ndogo waliibana kifuani, chini ya kitambaa kinachoshuka kutoka kwenye kinyago. Kila akigeuka kitambaa kinaisugua, na sauti yake inabaki ndani ya mti wa kinyago. Fundi mitambo akazidi kupandisha sauti, na kwa kuwa spika zilipangwa nyuma ya waigizaji, zikapiga mluzi. Spika hukaa mbele yao. Maiki ibandikwe kwa plasta kwenye paji la uso, ndani ya kinyago, besi ipunguzwe, na ijaribiwe mchezaji akiruka, si amesimama. Ni kazi ya dakika chache! Wakati wa mapumziko nilimfuata: "Samahani fundi, ile maiki inasuguana na kitambaa." Hakugeuka hata shingo. "Mama, nenda kakae uangalie mchezo."

Ningewapa sifuri. Lakini Antonio wao, jamani! Shakespeare hakumpa hata neno moja la kuomba radhi, na mwongozaji akawa na ujasiri wa kuliacha pengo hilo wazi, bila machozi wala kukumbatiana. Kaka anamsamehe, yeye mikono nyuma, macho pembeni. Anapofungua mdomo ni kwa ajili ya Caliban, mtumwa wa Prospero: huyu samaki, anauzika. Ukumbi mzima, watu wa pwani hawa, ukaangua kicheko. Prospero alibaki anamtazama mdogo wake, hakucheka.

Kwa hiyo sifuri naifuta, nendeni. Hasira kwa yule fundi ninayo bado. Wakilipeleka igizo hili Lindi na mitambo ile ile, wahini viti vya mbele kabisa, sauti ya mdomo inafika bila spika.