Swan Lake ya Matthew Bourne: bata-maji wa kiume walionikosesha usingizi

Swan Lake, baleti (ngoma ya jukwaani isiyo na maneno) ya mwana wa mfalme na bata-maji, nimeiona mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya mtindo wa watunzi wa ngoma Petipa na Ivanov, uliowekwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1895: wasichana wenye sketi nyeupe zilizosimama, wakicheza kwa ncha za vidole. Ilinipendeza, lakini nilitoka kama mtu aliyetazama picha nzuri ukutani. Ya pili ni hii ya Matthew Bourne, mtunzi wa ngoma Mwingereza, iliyozinduliwa London mwaka 1995. Hii bado ninayo.

Muziki ni uleule wa Mrusi Tchaikovsky. Waliobadilika ni ndege. Bata-maji wote ni wanaume, vifua wazi, miguu mitupu, suruali zimechambuka nyuzi kama manyoya, na wino mweusi umeshuka katikati ya paji la uso. Mimi naishi Uingereza karibu na mto, kwa hiyo bata-maji wa kweli nawajua: ukimsogelea mwenye vifaranga, anakutolea mlio wa nyoka na kutanua mbawa mpaka urudi nyuma. Ndege huyo ndiye niliyemwona jukwaani. Nilikaa safu ya nne; muziki ukishuka, nilisikia pumzi zao na nyayo zikipiga mbao. Mchezaji anapinda mkono juu ya kichwa, kiganja kinainama mbele, na hapo hapo unaona shingo na mdomo.

Mwana wa mfalme naye ni kijana mpweke wa ikulu ambaye mamake, malkia, hamkumbatii. Anakwenda bustanini usiku ili ajitose majini, na Bata-maji anamtokea. Wanavyocheza wawili wale, polepole, mmoja akijifunza kumwamini mwenzake, nililia. Sioni haya kusema.

Sehemu ya kwanza, yenye vichekesho vya ikulu, kwangu ni ndefu mno. Karamu ya ikulu, anapoingia Mgeni fulani mwenye suruali nyeusi ya ngozi, ni moto. Lakini mwisho ndio wenyewe: ndege wanachomoza kutoka kitandani kwa mwana wa mfalme, ambaye sasa ni mgonjwa, kisha wanamgeukia Bata-maji kwa sababu amempenda binadamu. Dada yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Mombasa na hajawahi kuona baleti, alinibana mkono mpaka ukauma.

Wazazi, angalieni: watoto wadogo watatishika. Wengine wote, kateni tiketi za mbele, hata mkilazimika kusubiri mshahara.