Darasa la Kiingereza cha mtaani pale Sinza, nimemaliza wiki 6 naleta mrejesho

Wadau habari za saa hizi. Kuna watu waliniuliza kuhusu lile darasa la jioni Sinza, la ghorofani huku karibu na Kijiweni, kama 90,000 yao inalipa au ni yaleyale ya kukariri salamu. Nimemaliza wiki 6 juzi, kwahiyo naongea kitu nilichokaa nacho.

Kwanza niseme nilienda na shida gani maana ndo kipimo changu. Mimi kazi zangu ni za mtandaoni, najibu wateja wa maduka ya nje kwa meseji, na Kiingereza cha shule ninacho, form four nilipata B. Sasa mwaka jana bosi mmoja akaniandikia "the supplier ghosted us", mi najua ghost ni mzuka, nomino hiyo tangu primary, nikaona huyo mtu wa mzigo atakua kafariki nikajibu pole kwa msiba. Kumbe alimaanisha jamaa kapotea tu, simu hapokei meseji hajibu. Kazi hakunipa tena na iliniuma sana, kwasababu kwenye ile sentensi hakukua na neno hata moja nisilolijua.

Hapo ndo darasa hili limenisaidia. Sehemu nyingi wanakupa orodha, neno hili maana yake hii, unameza unaondoka, na mwakani orodha imeshachina. Ticha wa hapa siku ya kwanza alitwambia tusiulize kwanza neno lina maana gani, tuulize limekaa siti gani. Akatoa mfano wa deiwaka, kibarua wa siku kwenye daladala. Si mnajua pale stendi, mtu yuleyule asubuhi anapiga debe, saa nne yuko mlangoni anadai nauli, jioni dereva mwenyewe kashuka kula kamwachia usukani. Sura ileile nguo zilezile, ukitaka kujua saa hii ni nani unaangalia kakaa wapi. Maneno ya mtaani ya Kiingereza ndo yanavyoishi. "Flex" ilikua kitenzi, kukunja msuli, leo ukipost gari jipya wanasema "that's a flex" ni nomino. "Fail" kitenzi cha kufeli, wameifanya nomino, "epic fail". "Cringe" ilikua kujikunyata kwa aibu, sasa ni sifa ya kitu, "so cringe". "Lowkey" ilikua sifa ya kitu cha kimyakimya, siku hizi inakaa mbele ya kitenzi inafanya kazi ya kielezi, "I lowkey miss him".

Na akishakaa kwenye siti anafuata sheria za siti hiyo, hiki kipande ndo nimekitumia kuliko vyote. Ukiona neno linabeba -ed au -ing ujue mara nyingi limeshika kitenzi hata kama kamusi yako inasema nomino. Kabla yake kukiwa na "a" au "the", na baada yake hakuna nomino nyingine, mara nyingi ni nomino. Likikubali "so" au "very" kabla yake, mara nyingi ni kivumishi. Yaani ghosted ilikua imenionyesha -ed yake pale mwishoni mchana kweupe, mi naangalia mzuka.

Siku niliyoipenda zaidi ni ile ya kueleza kwanini Kiingereza kinaweza kuhamisha maneno siti hivo. Ticha akasema kama miaka 1000 iliyopita nacho kilikua kinavalisha maneno sare mwishoni, upendo ni "lufu", kupenda ni "lufian", afu zile sare zikachakaa taratibu karne kwa karne mpaka zote mbili zikabaki "love". Neno likibaki bila sare linaingia popote. Ndo maana hata Shakespeare alishaifanya ghost kitenzi zaidi ya miaka 400 iliyopita, kwenye tamthilia yake ya Antony and Cleopatra, ila kwake ni mzuka kumtokea mtu, sio kumkimbia. Mi hii ilinifurahisha mno. Na angalieni huku kwetu, mzuka wenyewe umetokana na kuzuka, kuibuka ghafla, afu Dar tukaugeuza ukawa raha na mzuka wa kwenda shoo. Wao mzuka wao unatokomea, wetu unaibuka.

Basi akamalizia kwa kusema Kiswahili hakiwezi hivo, sie tuna viambishi, cheza lazima ivae ndo iwe mchezo au mchezaji. Dada mmoja wa nyuma, anauza vipodozi Kariakoo, akanyoosha mkono, "Samahani ticha, na poa je?" Darasa likanyamaza. Kweli jamani, poa ni kitenzi, chai inapoa, homa inapoa, afu leo mtu poa, kiti poa, nyumba poa, haivai ngeli yoyote, na ukiulizwa mambo unajibu poa ikasimama peke yake. Ticha alifikiria pale, akafuta alichoandika ubaoni, akasema dada uko sahihi nimejifunza. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kumheshimu, walimu wangapi wanafuta. Tukakaa nusu saa nzima tunachimba ya kwetu, bipu ambayo ni "nibipu" na pia "bipu moja", noma mpaka ikavaa ki- ikawa kinoma. Ila nakubaliana nae kwamba sie tunageuza kwa kuvalisha mara nyingi zaidi, poa ni za kuhesabika.

Akagusia pia maneno haya yanatoka wapi, na nashukuru aligusia. Mengi yameanzia kwa Wamarekani weusi ndo dunia ikayachukua. "Woke" mfano, hiyo ni kuamka wakati uliopita, wao wakaifanya sifa ya mtu aliye macho na dhuluma, na kamusi ya Oxford ikaja kuiingiza kwa maana hiyo 2017, wenyewe wakiwa wameitumia miongo na miongo. Na hadi maneno madogo yanahama, "because" zamani inataka sentensi nzima au "of", sasa mtu anaandika "late because traffic" basi, American Dialect Society, chama cha wanaochunguza Kiingereza cha Marekani, waliichagua neno la mwaka 2013. Si ni kama sie tunavosema nimechelewa, foleni.

Mapungufu yapo. Chumba kidogo, tulikua 22, joto la saa kumi na mbili jioni pale juu halina utani. Noti ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa tatu wangu hausomeki kabisa. Kubwa zaidi, hawakugusa sana wapi usitumie. Mwenzetu mmoja aliandika "slay", ambayo mtaani ni kufanya kitu vizuri sana, kwenye barua ya kuomba kazi kwasababu tuliifanyia zoezi, na ticha alipaswa kutenga hata siku moja kwa hilo, nimemwambia ana kwa ana akasema atarekebisha awamu ijayo.

Mi nimeridhika. Wiki iliyopita mteja kaniandikia "it's a big ask but can you", nikaona a mbele ya ask, nikajua anaomba kitu kizito, nikamjibu vizuri tukaelewana. Nalipia level ya pili. Mkitokea Posta pandeni mwendokasi mshuke Shekilango, bajaji mpaka Kijiweni, na mkifika wahini siti za dirishani maana feni ya nyuma haizunguki.