Ijumaa usiku kwa Tigers wa Massillon, Ohio: nyota nne, ya tano imeliwa na baridi

Wakuu, mi ni Simba damu, mechi za watani nimeanza kuingia uwanjani sina hata sharubu, kwa hiyo mtu akinihadithia habari za ushabiki huwa namwangalia tu. Sasa kuna jamaa napiga naye shifti hapa Ohio, kanisumbua tangu Agosti, njoo Massillon uone timu yetu ya futiboli ya Kimarekani. Nikamuuliza ya ligi gani, akasema ya sekondari. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mi nimecheza UMISSETA, watazamaji walikuwa mwalimu wa michezo, mabinti wa netiboli wanaosubiri zamu yao, na mbuzi.

Nikaenda Ijumaa moja ya Oktoba. Mji wenyewe una watu kama elfu 32 hivi, zamani walikuwa wanaishi kwa viwanda vya chuma, ila uwanja wa shule unabeba zaidi ya elfu 16. Chamazi kwa Azam wanaingia elfu 10, piga hesabu mwenyewe. Unaitwa Paul Brown Tiger Stadium, na huyo Brown alikuwa kocha wa shule hiyohiyo kuanzia 1932 mpaka 1940, baadaye akawa kocha wa kwanza wa Cleveland Browns, timu ya kulipwa, lile jina ni lake yeye, halafu akashiriki kuanzisha nyingine ya kulipwa, Cincinnati Bengals. Kocha wa sekondari huyo!

Mchezo nilikuwa siujui kabisa. Mpira umechongoka kama papai changa, wanaubeba mkononi wanauita futiboli, haya. Nilichoelewa ni hivi: una nafasi nne za kusogea yadi 10, ukifika unapewa nne nyingine, ukishindwa unawaachia wenzako, ukiingia nao mwisho kabisa unapata 6. Saa ya mechi inasema dakika 48 ila mi nilikaa pale masaa mawili na nusu maana kila dakika wanasimama wanajadiliana kama kikao cha harusi. Bibi mmoja pembeni yangu, nguo za chungwa na nyeusi kuanzia kofia mpaka soksi, ndo alikuwa ananitafsiria. Alivyoona natetemeka akanivutia nusu ya blanketi lake bila kuniuliza, macho yake yapo uwanjani, mdomo unamgombeza refa.

Mapumziko usitoke kwenda kununua bisi, nakuomba. Inaingia bendi ya shule, matarumbeta na ngoma, wanapiga huku wanatembea wanakata kona pamoja, na watu wazima wanasimama kuliko hata walivyosimama kwenye mechi. Mi nilitoka, nikakuta foleni ndefu, nikarudi na soseji ya baridi na bendi imebaki dakika mbili.

Ila kilichonimaliza si cha uwanjani. Kabla ya mechi tulipita kwa jamaa, nikaona kabatini kimpira kidogo kimewekwa kama kombe. Kumbe huku mtoto wa kiume akizaliwa, mashabiki wa timu walikuwa wanampelekea kimpira hospitali, ana siku moja duniani tayari kasajiliwa. Hicho kilikuwa cha kijana wake, sa hivi ana miaka 16 na yuko kikosini, na kwenye ncha bado kuna alama za meno alipokuwa anakitafuna. Jamaa alinionyesha zile alama kwa kidole, moja moja.

Mahasimu wao ni sekondari ya McKinley ya Canton, mji wa jirani tu hapo, wanagombana tangu 1894. Na utamu wa historia uko hapa: mataji ya zamani wanayo mengi, ila yalikuwa ya kupigiwa kura, tangu mtoano wa jimbo uanze 1972 walikuwa wanaambulia patupu, mpaka 2023 ndo wakalibeba, 7 kwa 2 dhidi ya shule ya Hoban, fainali ikachezwa wapi? Canton! Uwanja uleule wanaoutumia McKinley. Bibi wa blanketi kanisimulia hiyo mara tatu na kila mara anacheka upya.

Sasa lawama. Pakingi nilimlipa mtu mmoja nikaegesha uani kwake, kurudi gari limefungiwa na magari mawili na mwenye nyumba kaingia ndani kalala. Nilisubiri karibu saa nzima. Bora uegeshe mbali utembee. Benchi nalo ni baridi kama umekalia friji, beba kamto na blanketi lako, si kila siku utapata bibi. Na kama unataka mechi ya McKinley tafuta tiketi mapema.

Ijumaa ijayo wanacheza ugenini, jamaa kashaniuliza kama gari langu linabeba watu watano.