Maiki za kurekodi wadudu: Primo EM272 nimezikubali

Kwa mnaouliza narekodi nyenje na panzi kwa maiki gani, natumia Primo EM272 mbili, vile vikapsuli vidogo (kile kidude chenyewe kinachonasa sauti) vya milimita 10, unaweza kuchomea waya mwenyewe ama ukanunua zilizokwisha fungwa zinaitwa Clippy. Nazichomeka moja kwa moja kwenye Sony PCM-M10 ya mtumba, rekoda inazipa umeme kidogo kupitia tundu la maiki, basi, hakuna mambo ya volti 48, ule umeme ambao maiki za studio huhitaji kupewa na rekoda.

Cha kuangalia kabla ya kitu chochote ni kelele ya maiki yenyewe, ile shhhh inayosikika hata pakiwa kimya kabisa. Kwenye vipimo wanaiandika kwa dBA (desibeli kadiri sikio linavyosikia) na ikiwa ndogo ndo vizuri: EM272 ni 14, Sennheiser MKH 20 ni 10, Rode NT1-A ni 5. Usidanganyike eti utaongeza gein (kile kitufe cha kukuza sauti kwenye rekoda), maana gein inapandisha mdudu na shhhh vyote pamoja. Na maiki za jukwaani kama SM58 waachieni waimbaji, ni nzuri sana kwa kazi yake ila kwa sauti ileile inatoa umeme mdogo karibu mara 20 kuliko EM272, rekoda ndo inabaki inahangaika.

Sasa mbona sitafuti NT1-A kama ndo kimya zaidi? Kwa sababu ni kubwa, inataka volti 48, na maiki kubwa za studio kwa ujumla hazipendi unyevu, usiku wa msituni umande umejaa zinaanza kukwaruza. EM272 naibana kwenye jani na kipini cha nguo, sentimita 10 tu kutoka kwa mdudu, na kila ukipunguza umbali kwa nusu unapata kama desibeli 6, kwahiyo kutoka sentimita 80 mpaka 10 ni desibeli 18 za bure, hizo huzipati kwa kubadili maiki. Nimerekodi panzi anakula jani la hindi, unasikia taya zikikata, kru kru kru, halafu ananyamaza kidogo, anasogeza mguu, nao unausikia! Nilirudia ile sehemu mpaka betri ikaisha.

Ubaya wake zinavuta sauti pande zote, jenereta ya jirani na bodaboda vyote vimo, so ni usiku wa manane tu. Upepo nao hazina uvumilivu, lazima soksi ya manyoya. Waya ni mwembamba, ukiugusa tu imesikika.

Wale panzi wanaoimba kwa sauti nyembamba mno masikio yetu hayaifikii, weka rekoda 96 kHz (yaani inapima sauti mara 96,000 kwa sekunde) halafu punguza spidi kwenye kompyuta, wakizidi hapo tafuta AudioMoth, karekoda kadogo ka kuacha porini, inafika 384 kHz. Ila mchwa walioko ndani ya mbao msitumie hizi, chukua kile kisahani cha piezo (kinanasa mtikisiko wa kitu kilichobandikwa, si sauti ya hewani) cha bei ya kutupa, kibandike kwenye fremu ya mlango, gonga kidogo, utasikia askari wao wakipiga vichwa kwenye mbao.